Sultani Mkubwa, Arudi Ijumaa

Jumatatu, 7 Agosti 1967

Saa tano zimeingia dukani kutengenezwa, tatu zimetoka. Ile ya ukutani ya msikitini imeliwa na chumvi mpaka springi. Nimewaambia waitundike mahali pakavu. Hawatanisikia. Tikiti nimeandika kama kawaida: jina la mtu, aina ya saa, arudi lini. Bi Khadija, saa ya mkono ya kike, arudi Jumatano. Miaka ishirini na mbili naandika arudi, arudi. Na hawarudi siku hiyo, wanakuja siku nyingine kunigombeza.

Adhuhuri kaja Haji, ndugu wa mke wangu, mwashi wa Makunduchi. Kawaida huja na muhogo. Leo kaja na kopo la maziwa ya unga, kalifunga kitambaa, kalishika kwa mikono miwili. Kaniomba nifunge mlango. Nikajua si heri.

Wamechimba msingi wa ukuta wa mtu, yeye na mwenzake. Wamekuta chungu kimepasuka, ndani sarafu ishirini na tatu. Wamenyamaza wote wawili. Sasa anataka kujua ni za nani na zina thamani gani. Anakumbuka kwamba nilikuwa nikisoma sarafu kongwe pamoja na marehemu Kanji, sonara wa mlango wa pili. Kanji alijua madini na bei, Kiarabu hakukijua. Mimi nilikijua Kiarabu na nina lenzi ya saa. Miaka tisa tulikaa benchi moja.

Kitu cha kale kikichimbuliwa kinatakiwa kipelekwe ofisi ya serikali. Nimemwambia hivyo.

"Ntapeleka, shemegi," kasema. "Lakini kwanza nijue nnapeleka nini."

Ningemrudisha na kopo lake pale pale. Sikumrudisha. Mikono ilikuwa ikiniwasha. Naogopa.

Jumanne, 8 Agosti

Mwanaisha, mke wangu, nimemwambia. Kafunga dirisha la uani.

Kumi na tisa ni za shaba, ndogo, za masultani wa Kilwa. Hizi nazijua. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili dua kwa Mola wake, na maneno ya pande mbili yana vina kama ubeti wa shairi. Kanji hakuamini nilipomwambia mara ya kwanza, alidhani namtania. Pwani nzima wanaziokota, bei yake ndogo. Mbili zimetobolewa, zilivaliwa shingoni. Tundu linashusha bei zaidi. Nyingine tatu zimelika kabisa, hata juu na chini sizijui.

Moja ya Kilwa Haji kaisugua kwa ndimu na majivu ing'are. Nimemkasirikia mtu ambaye hayupo. Ule ukungu wa kijani ndio nusu ya thamani, ndio unaosema huyu amelala ardhini na hakughushiwa juzi. Yeye kaisugua kama sufuria ya harusi.

Kila mtu akipita nje nazifunika kwa kitambaa cha saa. Nimefunika labda mara thelathini. Shingo inaniuma kwa kugeuka mlangoni.

Jumatano, 9 Agosti

Ya ishirini na tatu ni ya fedha. Nene, nzito, kwa mizani ya sonara tola moja kasoro punje. Nimeiangusha juu ya jiwe, imetoa mlio mrefu safi. Si ya Kilwa hii. Imetoka Delhi. Katikati imeandikwa as-Sultan al-Aadham, Sultani Mkubwa, na pembeni kwa duara mji ilikopigwa na mwaka. Nyingi za aina hii duara lake halionekani, kwa sababu muhuri ulikuwa mpana kuliko bamba la fedha. Ya Haji duara limo karibu lote. Kanji kwa maisha yake alipata moja tu kama hii. Siku ile alifunga duka, akanipeleka Forodhani kunywa soda, yeye mtu wa kuhesabu njiti za kiberiti.

Mwaka wake wa Hijria ni mia saba na… Hapo nimekwama. Wapigaji hawakutia nukta. Saba na tisa kwa Kiarabu, ukiondoa nukta, ni neno moja: meno manne na ayni mwishoni. Tofauti ni jino lipi limenyanyuka. Likiwa la kwanza ni tisa, likiwa la nne ni saba. Na hapo hasa pana mkwaruzo. Za mwaka wa tisa zimejaa, alikuwa akisema Kanji. Ya mwaka wa saba mtu atapanda meli kuja kuiona.

Nimetazama mpaka jicho limetoka machozi. Inataka jua la ubavuni, la asubuhi, kule juu kwenye paa. Wiki hii mawingu matupu.

Ukiwa na kitu kama hiki mkononi unasahau kuogopa. Nusu saa nzima nilisahau.

Jumamosi, 12 Agosti

Haji kaja kuzichukua. Mwenzake ameanza kumshuku, anadhani kaziuza. Nilimwomba aniachie ile ya fedha peke yake. Kakataa, mwenzake alizihesabu. Basi tumekubaliana airudishe Ijumaa ijayo, siku ambayo sifungui asubuhi, nipande nayo juu ya paa nimalize ubishi wa saba na tisa.

Nimeifunga kwenye karatasi ya tikiti asije akaichanganya na nyingine. Juu yake nimeandika haraka haraka: Sultani Mkubwa. Hajachakaa. Arudi Ijumaa.

Wazo la kuzificha ni lake. Ana nusu mfuko wa saruji anaupeleka kazini, kazichomeka zote humo. Nani atatia mkono kwenye saruji. Mlangoni nimemwona anaifungua hata ile ya fedha na kuisukumiza na wenzake, karatasi kaitia mfuko wa shati. "Hii ya kunikumbusha siku," kasema, na kacheka.

Zimetoka nyumbani kwangu. Nimekula sahani mbili.

Jumapili, 13 Agosti

Utingo wa gari ya Makunduchi kaja uani asubuhi. Hakutaka kukaa. Kayasema yote amesimama.

Jana gari lilisimamishwa Mwanakwerekwe, askari wakatafuta karafuu na mchele wa magendo kama kawaida yao. Mfuko wa saruji wameuchoma kijiti wakauacha. Kisha wakamwambia Haji atoe vilivyo mfukoni. Ikatoka karatasi. Mmoja wao kaisoma kwa sauti mbele ya abiria wote.  Kaisoma tena. Wakamteremsha Haji, gari likaambiwa liende.

Nimeiandika hapa tena niione kwa jicho lao. Sultani Mkubwa. Hajachakaa. Arudi Ijumaa.

Kuna sultani mmoja tu kwenye vichwa vya watu hapa, aliyeondoka kwa meli mwaka wa sitini na nne. Bado ana nguvu, inasema karatasi. Arudi Ijumaa, inasema karatasi. Na mwandiko ni wangu.

Kabla gari halijaondoka wamemuuliza kaipata wapi. Kasema kaiokota chini, hajui imeandikwa nini, yeye kusoma hajui. Haji! Amehitimu Msahafu mara tatu. Hakuzitaja sarafu kwa sababu ilikuwa azipeleke ofisini na hakuzipeleka. Hakunitaja mimi.

Mfuko wa saruji umefika kwake salama. Utingo anacheka kidogo kuhusu hilo, hajui kilichomo. Alipoondoka Mwanaisha kanitazama. 

Jumatatu, 14 Agosti

Nilivaa kanzu nikaenda mpaka nje ya ofisi ile ya usalama waliyompeleka. Mlango wa buluu, watu wawili kwenye benchi. Nikapita. Nikazunguka mtaa nikapita tena. Nikarudi dukani.

Mimi ni mwoga. Naiandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunibishia.

Bi Khadija kaja kuchukua saa yake na kaniuliza kama nimesikia. Nimesikia nini? Kaniinamia: eti Ijumaa kuna jambo. Nani kasema? Watu. Siku mbili tu, na tikiti yangu imeshatembea mji mzima, imefika mpaka kwa mwenye saa niliyemwandikia tikiti.

Tikiti za leo sikuandika arudi. Nimeandika irudi. Saa ya ukutani, irudi Jumatano. Mkono unakataa, naulazimisha. Herufi moja tu. Ningeandika irudi siku ile ingekuwa sarafu, kitu, hakuna mtu angeisoma mara mbili. Lakini mimi na Kanji sarafu tulikuwa tukiziita kwa majina ya masultani wenyewe, kama watu. Huyu kachakaa. Huyu katobolewa. Huyu arudi kesho tumtazame. Miaka tisa ya mzaha wa benchini, na Haji ndiye anayeulipia.

Jumanne, 15 Agosti

Sikwenda.

Mwanaisha kapika, kanipakulia, hakula. Haulizi. Kila nikisimama naona anatazama kama nnakwenda kuchukua kofia. Mara ya tatu nilisimama kwa kusudi, kuona. Kweli anatazama.

Nikienda watatushika wote wawili, nilimwambia. Nani atakulisha wewe. Hoja nzuri. Nimeisema vizuri sana. Kaitikia kwa kichwa, katoka na sinia.

Nimejaribu kuandika tikiti kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane. Haifai, inaonekana kama mtu anayeficha.

Jumatano, 16 Agosti

Mtu mwenye shati la kijani kakaa barazani mkabala na duka tangu saa mbili asubuhi. Hanunui kahawa. Hazungumzi. Mara anatazama huku. Nimevunja ekseli ya gurudumu la saa ya mteja, kitu sijafanya tangu nijifunze kazi. Saa sita kaondoka. Saa nane karudi.

Saa tisa kavuka njia kaingia.  Anataka kioo cha saa, kilichopo kimefanya ufa. Nimemtilia kioo bila ya kumwangalia usoni.   Kalipa, kaondoka, karudi kukaa pale pale barazani. Basi ni nani? Wapelelezi nao saa zao zinapasuka vioo.

Unga umepotea madukani. Watu wanaweka akiba ya Ijumaa. Hakuna anayesema kwa nini, kila mtu anauliza tu kama upo. Nimepanga foleni mimi pia, ili nisionekane sipangi.

Jina la Haji halitajwi na mtu. Wanasema, yule mtu wa saruji.

Alkhamisi, 17 Agosti

Asubuhi Mwanaisha kavaa buibui. Nikamuuliza wapi.

"Nnakwenda kusema karatasi nimeandika mimi," kasema. "Mimi nami nimesoma chuo cha Kurani, n'najua kuandika."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonimaliza. Kafunga ukaya usoni, kavaa viatu, kama anakwenda sokoni. Nimesimama mlangoni nikamzuia. Nimemwambia anipe leo nikazilete sarafu, bila sarafu maneno yangu hayana mguu. Kesho nakwenda mwenyewe.  "Wallahi?" kauliza. Nikala kiapo. Kavua viatu.

Nimepanda gari ya shamba. Mwanakwerekwe wametusimamisha, wametazama vikapu. 

Makunduchi mke wa Haji alidhani nimeleta habari. Sikuwa nayo. Tumemimina saruji kwenye mkeka ndani ya chumba, tukachambua kwa vidole, vumbi limetuingia puani. Ishirini na tatu. Ya fedha ilitoka ya mwisho. Kanisaidia kuzipangusa bila kuuliza ni nini. Kisha kaniuliza swali moja, kama Haji anapewa dawa yake ya kifua. Nikasema ndiyo. Sijui.

Kurudi nimezifunga kiunoni, chini ya kikoi. Kizuizini kijana mwenye bunduki kaniambia nishuke. Nikashuka. Kaniambia nipande. Sijui hata sasa kwa nini alinishusha.

Ijumaa, 18 Agosti

Nimetoka. Niko nyumbani. Nimeoga mara mbili. Naandika yote kabla hayajabadilika kichwani.

Asubuhi mji ulikuwa kimya kuliko siku ya msiba. Maduka yamefunguliwa nusu mlango. Askari pembe zote. Kwa ajili ya tikiti yangu. Nilitembea katikati ya njia ili nisionekane najificha, nimebeba kopo la sarafu na kitabu cha vishina vya tikiti.

Mwenye ofisi ni mtu wa makamo, mwenye miwani, sauti ya chini. Nilitegemea mtu wa kupiga meza. Yule wa sauti ya chini kanitisha zaidi. Nimempa shikamoo, ingawa labda tunalingana. Kaitikia. Nimesema karatasi ni yangu, nimeandika mimi, Haji hana makosa ila kutoleta sarafu, na hilo nalo nilimshauri azilete. Hapo nilijisikia mwongo ingawa ni kweli.

Kazimimina sarafu kwenye karatasi nyeupe. Kaichukua ya fedha, kaisogeza dirishani. Nilikuwa nimejipanga kumfafanulia. Hakuhitaji. Kasoma mwenyewe, taratibu, kwa matamshi ya mtu aliyechapwa bakora na mwalimu mzuri: as-Sultan al-Aadham. Kisha kaweka karatasi yangu karibu nayo. Nilidhani nimeokoka.

"Hii sarafu," kasema. "Sarafu inarudi kwa i. Wewe umeandika a. Umeandika mtu."

Kwenye hofu zangu zote sikufikiria kwamba nitahojiwa ngeli. Nikamwambia kuhusu Kanji, na benchi, na jinsi tulivyoziita sarafu kwa majina ya wenyewe. Nikajisikia mpumbavu nikieleza mzaha wa marehemu mbele ya watu wenye bunduki. Nikampa kitabu cha vishina: tazama, kila tikiti naandika arudi, ni mazoea ya mkono.

Kafunua. "Hapa anayerudi ni mwenye saa," kasema. Kweli. Sikuliona hilo.

Kafunua tena. Kasimama. Karudi nyuma ukurasa mmoja, kaenda mbele mmoja. Kaniuliza kwa nini kuanzia Jumatatu nimeandika irudi.

Nikakitazama kitabu. 

"Jumatatu ulikuwa ushajua," kasema.

Nikasema naam.

Kavua miwani kaifuta. Hakunikasirikia. Kafunga kitabu, kakisukuma upande wangu, kana kwamba jambo hilo si la ofisi yake, ni langu mwenyewe. Kisha kaniuliza kwa nini basi sarafu irudi Ijumaa. Nikamwambia kuhusu saba na tisa, kwamba sikuweza kuusoma mwaka. Kaomba lenzi. Nikampa. Kakaa nayo dirishani mpaka kikombe cha chai kikapoa. Mtu kaingia na karatasi kumtaka sahihi, kamwashiria atoke.

Hapo ndipo aliponiamini. Nimelielewa baadaye. Hakuna anayepanga kurudisha sultani halafu akakosa usingizi kwa jino la herufi.

"Tisa," kasema.

Kanipa lenzi nami nitazame. Jua lilikuwa la ubavuni, lile nililolitaka wiki nzima. Jino la nne limenyanyuka, wazi kabisa, mkwaruzo uko chini yake wala haulifikii. Saba. Nilikuwa na uhakika kama nilivyo na uhakika wa jina langu. Miaka mia sita na themanini imelala, na ni saba.

"Tisa," nikasema.

Kafurahi. Kaniamuru niandike maelezo: idadi, madini, zimepigwa wapi, thamani. Nimeandika shaba za Kilwa, za kawaida, moja imesuguliwa. Nimeandika fedha ya Delhi, mwaka wa tisa, hupatikana kwa wingi, thamani ya wastani. Kwa kila neno la mstari ule Kanji angenipiga kofi. Sarafu zimebaki ofisini, na huko ndiko zilikotakiwa ziwe tangu mwanzo. Mwisho kanipa karatasi ya tikiti niandike upya mbele yake: sarafu irudi. Nikaandika. Katia kidole juu ya ile i.

Nikauliza kuhusu Haji. Kesho, kasema. Nikashukuru. Nikashukuru tena. Nikawa nashukuru mpaka nimefika mlangoni, na pale kasema, bila ya kuinua uso kutoka kwenye faili:

"Ungekuja Jumatatu, angetoka Jumatatu."

Jumamosi, 19 Agosti

Haji katoka saa nne. Kakonda usoni. Gari ya Makunduchi ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo yuko kwetu. Kalala mchana kutwa. Mwanaisha kakaa mlangoni pa chumba anachambua mchele ambao alikwisha uchambua.

Unga umerudi madukani. Bi Khadija kaja kunambia hapakuwa na jambo lolote, kasikitika kidogo.

Jumapili, 20 Agosti

Mkono wa kushoto wa Haji, vidole viwili, cha kati na cha pete. Vimefungwa na kijiti. Hospitali wamemwambia vitaunga lakini havitakunjika. Mwashi hushika mwiko kwa kulia na jiwe kwa kushoto. Yeye mwenyewe kalisema hilo, kama anavyomweleza mtu kazi.

Nimemuuliza walimvunja siku gani. Sijui kwa nini niliuliza. Najua kwa nini niliuliza.

Jumatano.

Nikatoka nikaenda dukani, Jumapili, nikafungua saa ambayo haikuwa na ubaya.

Jumatatu, 21 Agosti

Tumekula pamoja kabla ya gari yake. Mkate wa mchele, chai, samaki wa jana. Haji anakula kwa kulia, ule mwingine kaulaza juu ya goti. Kazungumza kuhusu ukuta wa yule mtu, kwamba msingi utakuwa umejaa maji ya mvua. Hajui kwamba hatajenga. Au anajua.

Kisha kaniambia. Kasema kule ndani alikuwa akijiambia, shemegi akisikia tu atakuja. Hakusema jina langu kwa sababu alijua nitakuja mwenyewe. "Mwengine asingekwenda," kasema. "Umenitoa, shemegi. Mungu akulipe."

Nilifungua mdomo. Naandika hapa kwamba niliufungua.

Mwanaisha kasema, "Kasikia Alkhamisi. Ijumaa asubuhi keshafika."

Kalisema huku anamimina chai, sauti yake ya kila siku. Mbele ya ndugu yake wa tumbo moja. Hakunitazama.

Utingo aliyetuletea habari ile Jumapili anafanya kazi gari ile ile. Haji atakaa karibu naye leo, au kesho, au wiki ijayo, na njia ya Makunduchi ni ndefu, watu huzungumza. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Kumbe hofu haikutoka na sarafu.

Nikamjibu Haji, amin. Nikambebea kikapu mpaka kituoni. Nimefungua duka saa nne. Saa mbili zimeingia, hakuna iliyotoka.